Msitupe vipande vya mapafu yetu: barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Jimbo la Haut-Katanga

Lubumbashi, Katuba
Mwezi wa nane, msimu wa vumbi

Kuhusu: kuhifadhi na kupima vipande vya saratani ya mapafu hapa jimboni

Mheshimiwa Waziri,

Naomba upokee salamu zangu. Mimi ni fundi wa maabara. Kazi yangu ni kupokea nyama iliyokatwa kwa mgonjwa, kuilaza katika fomalini, dawa inayoizuia isioze, kuikausha kwa alkoholi, kuimwagia parafini ya moto mpaka igande kama mshumaa, kisha kuikata vipande vyembamba kuliko unywele ili daktari wa patholojia avitazame kwa hadubini. Namba ya mgonjwa tunaiandika kwa penseli, kwa sababu wino huyeyuka katika alkoholi. Nimeandika kwa penseli miaka kumi na saba. Leo nimeshika kalamu.

Nianze na chupa moja. Iliingia maabarani Jumatatu asubuhi, chupa ya mayonezi, kifuniko chake bado kina mafuta pembezoni. Ndani yake mlikuwa na nyuzi tatu za nyama ya pafu, kila moja fupi kuliko kijiti cha kiberiti. Karatasi iliyobandikwa kwa plasta ilikuwa na jina la Baba Mkubwa wangu.

Baba Mkubwa alifanya kazi kwenye matanuru ya shaba miaka ishirini na sita. Sigara hakuvuta, pombe hakunywa, Jumapili alikuwa mwimbaji wa sauti ya besi kanisani. Alipoanza kukohoa wakamwambia ni kifua kikuu. Makohozi yalipimwa mara tatu na mara tatu hayakuonyesha kitu, lakini picha ya kifua ilikuwa na doa, na katika mji huu doa kwenye pafu ni tibi mpaka mtu athibitishe vingine. Akameza vidonge miezi sita. Akaanzishiwa tena. Alikonda mpaka tukamtobolea mkanda tundu jipya kwa msumari, na ndipo daktari mmoja kijana akasema, jamani, tukate kipande tuone.

Kipande kilikaa katika chupa ile siku kumi na moja, familia ikitafuta pesa ya uchunguzi. Na fomalini yenyewe ilikuwa ile tunayochanganya wenyewe kwa maji ya bomba, bila chumvi za kutuliza asidi yake. Hospitali siitaji kwa jina. Ingeweza kuwa yoyote, na mikono iliyochanganya fomalini ya aina hiyo mwaka baada ya mwaka ni pamoja na hii ninayoandikia. Majibu ya hadubini: adenokarsinoma ya pafu, aina moja ya saratani ya mapafu. Mtoto wake, kaka yangu anayeishi Johannesburg, akapata maabara ya huko inayosoma jeni. Tukatuma parafini. Baada ya wiki tano wakajibu kwamba DNA imekatikakatika mno, haisomeki. Tulikuwa tumemzika siku tisa kabla.

Sasa niseme kipimo kile kilikuwa kinatafuta nini, maana hapo ndipo penye barua yangu.

Juu ya ngozi ya seli za mapafu kuna kipokezi kinachoitwa EGFR. Kifikirie kama sentinele wa lupango, mlinzi wa geti la ua. Yuko getini, anangoja honi. Honi ikilia anafungua, seli inagawanyika. Honi ikinyamaza anafunga. Katika baadhi ya saratani za mapafu, jeni inayomtengeneza sentinele huyo imepoteza herufi chache, au imebadilika herufi moja tu, naye anaacha geti wazi usiku na mchana bila honi yoyote. Mwaka 2004 watafiti wa Boston waligundua kwamba wagonjwa wenye kasoro hiyo ndio wale ambao uvimbe wao ulikuwa unanywea kwa dawa ya gefitinib. Ni vidonge, Mheshimiwa. Mgonjwa anavimeza nyumbani kwake baada ya bukari, ugali wetu. Baadaye zimekuja bora zaidi, kama osimertinib. Ugonjwa uliokwisha kusambaa haziufuti, lakini zinampa mtu miezi mingi, mara nyingine miaka, akitembea kwa miguu yake. Asiye na kasoro hazimsaidii. Bila kipimo, basi, hakuna wa kumpa dawa.

Na kasoro hii haikugawanywa sawa duniani. Katika Asia ya Mashariki karibu nusu ya wagonjwa wa adenokarsinoma ya pafu wanayo. Kwa watu wa asili ya Ulaya ni kama asilimia 10 hadi 15. Mwaka 2021 utafiti wa wagonjwa wa Meksiko na Kolombia ulionyesha kwamba kadiri mtu alivyorithi zaidi kutoka kwa wenyeji wa kale wa Amerika, ndivyo uvimbe wake ulivyoelekea zaidi kuwa na kasoro ya EGFR. Tofauti zipo, basi, na ziko ndani kabisa, kwenye herufi za jeni. Katanga je? Katika miaka yangu kumi na saba sijashika hata jibu moja la EGFR lililosomwa katika maabara yetu. Hata moja.

Watu wanaposikia ninafanya kazi gani huniuliza kama kansa ya mtu mweusi ni kansa nyingine. Huwa nawajibu kwamba waliochunguzwa ni weusi wa Marekani, na hata kwao jibu lina pande nyingi. Mwaka 2006 jarida la New England Journal of Medicine lilitoa matokeo ya watu 183,813 wa Hawaii na Los Angeles waliofuatiliwa kwa miaka. Kati ya wale waliovuta sigara zisizozidi 30 kwa siku, Wamarekani weusi na wenyeji wa Hawaii walipata saratani ya mapafu zaidi kuliko wazungu, watu wa asili ya Japani na Walatino waliovuta kiasi kilekile. Sehemu ya sababu iko kwenye damu: kwa kila sigara, mvutaji mweusi wa Marekani huingiza nikotini nyingi zaidi, na mwili wake huondoa mabaki yake polepole. Jeni ya CYP2A6, inayoongoza usafishaji huo, ina maumbo mbalimbali kati ya jamii na jamii. Tena mwaka 2020 timu ya taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani ilieleza kwamba uvimbe wa Wamarekani weusi, pamoja na baadhi ya saratani za mapafu, ulikuwa na dalili nyingi zaidi za DNA iliyoshindwa kujiunga vizuri baada ya kuvunjika.

Mtu akiishia hapo atasema, haya, ni damu yao. Asiishie hapo. Mwaka 1999 jarida lile la New England liliangalia wazee wa Marekani wenye saratani ya mapafu iliyogunduliwa mapema, ile ambayo kisu kinaweza kuiondoa. Wazungu waliofanyiwa upasuaji walikuwa asilimia 76.7, weusi asilimia 64. Na waliopasuliwa, mweusi au mzungu, waliishi karibu sawa. Hapo jeni ina kosa gani? Vilevile, mwongozo wao wa mwaka 2013 wa nani apigwe skana ya kifua ulidai mtu awe amevuta sawa na pakiti moja kwa siku kwa miaka 30. Weusi huvuta sigara chache kwa siku na bado wanaugua, hivyo wengi waliachwa nje ya mlango. Mwaka 2021 wakashusha kiwango kuwa miaka 20. Miili yao haikuwa imebadilika. Kilichobadilika ni karatasi ya ofisini, karatasi kama zile zinazopita mezani kwako.

Nami nina neno jingine kuhusu hiyo “rangi”. Maabarani hatuna kipimo cha weusi. Mababu wa Wamarekani weusi walitolewa hasa Afrika ya Magharibi na pwani ya Kongo na Angola, na leo karibu sehemu moja kati ya tano ya urithi wao ni ya Ulaya. Afrika ndilo bara lenye tofauti nyingi za kijeni kuliko yote. Msanga wa Bunkeya, Muluba wa Kamina na Mnande wa Butembo, ukiwaweka mstari mmoja kwa sababu ya ngozi, umejua nini kuhusu mapafu yao? Kuchukua namba za Chicago na kuzibandika mitaa yetu ya Kenya na Ruashi ni kumvisha mtu koti la jirani na kusema limemkaa.

Iko jeni moja, hata hivyo, ambayo karibu sote hapa tunafanana kwayo, na wakubwa wa hospitali wanapaswa kuijua. Chembe nyekundu zetu hazina alama inayoitwa Duffy. Ni urithi uliotukinga na aina moja ya malaria, vivax. Urithi huohuo hufanya seli nyeupe za aina ya nutrofili ziwe chache katika damu inayopimwa, na mwenyewe mzima kabisa. Mashine zetu za damu zimekuja na viwango vya nchi zilikotengenezwa. Naona mishale inayoelekea chini kwenye karatasi za watu wasioumwa chochote. Majaribio mengi ya dawa za saratani yanadai nutrofili zisipungue 1,500 kwa maikrolita, na kwa namba hiyo mtu wa kwetu anaweza kukataliwa, au dozi yake ikacheleweshwa, kwa sababu ya afya yake ya kawaida. Hiyo si kasoro ya mwili wake. Ni rula iliyotengenezwa kwa kupima mtu mwingine.

Sasa nije nyumbani. Mheshimiwa, sisi hatuvuti sigara tu. Tunavuta Lubumbashi.

Shaba ilianza kuyeyushwa hapa mwaka 1911. Bomba kubwa la moshi na ule mlima mweusi wa mabaki ya tanuru tumeviweka kwenye kadi za posta, wageni wanapiga picha. Upepo wa kiangazi unatoka kusini-mashariki, na udongo wa mitaa iliyoko upande wa pili wa bomba, Penga-Penga na jirani zake, umebeba ulichobeba kwa zaidi ya miaka mia. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lile la Lyon, limeweka aseniki, kadimi na vumbi la silika katika kundi la kwanza: vinaleta saratani kwa binadamu, hakuna mjadala. Moshi wa dizeli uko huko tangu 2012. Mwaka 2022 likaiweka kobalti katika kundi la vitu ambavyo huenda vinaleta saratani, daraja moja chini. Kobalti, Mheshimiwa! Nchi yetu inatoa sehemu kubwa kuliko nchi nyingine yoyote. Juu yake weka moshi wa mbabula, jiko la makaa. Nimekata mapafu ya mama aliyeuza makaa maisha yake yote, hajawahi kugusa sigara, na ndani mlikuwa na madoa meusi kama mtu ametia wino.

Wa kwetu wameshaanza kazi hii, haya si maneno ya mgeni. Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha mwaka 2009 kwamba mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga una kobalti nyingi kupita kiasi. Mwaka 2018 wakarudi na habari za Kasulo, Kolwezi, mtaa ambamo watu walichimba kobalti chini ya sakafu za nyumba zao. Watoto wa hapo walikuwa na kobalti nyingi katika mkojo, tena na alama za DNA iliyoharibiwa kwa oksijeni. Mtoto bado hajajua kusoma, DNA yake imeshaanza kuandikwa juu yake.

Halafu kuna Shinkolobwe, upande wa Likasi, ambako urani ya bomu la Marekani ilitoka. Mgodi umefungwa kwa amri mwaka 2004, lakini kila Mkatanga anajua kwamba amri ni kitu kimoja na shimo ni kitu kingine. Urani huzaa radoni, gesi isiyo na harufu, inayoingia pafuni na kuvunja nyuzi zote mbili za DNA kwa wakati mmoja. Wanavajo wa Marekani walichimba urani bila kuambiwa hatari yake. Wengi wao hawakuwa wavutaji, hata hivyo kati yao wako waliokufa kwa saratani ya mapafu. Baraza la kutunga sheria la Marekani lilipitisha sheria ya fidia mwaka 1990. Wao walipewa kitu baada ya kuhesabiwa. Sisi nani ametuhesabu?

Hapa niseme linaloniogopesha kuliko yote. Siku moja mtu wa kampuni fulani atasimama mbele ya mjane na kumwambia kwamba saratani ya mumewe ni ya asili, ni jeni za Waafrika, hata utafiti unasema. Atakuwa ameshika karatasi ya kweli kwa mkono wa uongo. Na sisi hatutakuwa na cha kumjibu, kwa sababu kipande tulikitupa.

Kumbe kipande kingeweza kujibu. Uvimbe ni kama daftari la deni la duka: kila aliyechukua amesaini. Moshi wa tumbaku unaacha aina yake ya makosa katika herufi za DNA, na wataalamu wanaisoma. Mwaka 2016 walikadiria kwamba pakiti moja ya sigara kwa siku, kwa mwaka mmoja, inaacha mabadiliko 150 katika kila seli ya pafu. Mwaka 2023 timu ya London iliongeza jambo ambalo lilininyima usingizi: vumbi laini la hewani si lazima livunje jeni lenyewe. Linalichokoza pafu liwake kama kidonda, na mwako huo unaamsha seli ambazo tayari zilikuwa na kasoro ya EGFR na zimelala kimya. Sentinele mbovu alikuwepo, amesinzia. Vumbi likaja kumwamsha. Walitazama Uingereza, Korea Kusini, Taiwan. Ukitaka mahali pa kutazama vumbi, njoo hapa mwezi wa nane.

Ninachoomba si kituo kikubwa chenye jiwe la msingi na utepe. Naomba, kwanza, fomalini nzuri. Wizara yako ichanganye mahali pamoja fomalini ya asilimia 10 iliyotulizwa asidi, iitie katika vichupa vyenye lebo, igawe kwa kila hospitali inayokata nyama, na iandike ukutani kwamba kipande kisikae humo zaidi ya siku tatu. Hili pekee lingemfaa Baba Mkubwa, na bei yake ni aibu kuitaja. Tena agiza kwamba vipande vya parafini visitupwe. Sasa hivi kabati likijaa tunachoma vya zamani, nami nimewasha moto huo. Kila kipande kiwe na mstari wake daftarini: alifanya kazi gani na miaka mingapi, anaishi mtaa gani, anapikia nini, anavuta au havuti. Kabila tusiandike. Andika alikozaliwa na alikofanya kazi, hivyo ndivyo vitakavyosema. Na mgonjwa anayepewa dawa ya tibi bila makohozi kuonyesha kitu, asipopata nafuu ndani ya miezi miwili apelekwe skana na akatwe kipande, asianzishiwe tena vidonge kana kwamba mara ya pili pafu litatii.

Kusoma jeni kwenyewe kusikutishe. Mashine ya GeneXpert inasoma DNA ya tibi kwa saa mbili katika hospitali zetu. Kipimo cha EGFR kinakwenda kwa njia ya ndugu yake. INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba ya Profesa Muyembe, imesoma jeni za virusi vya mpox vilivyotoka Kamituga, Kivu Kusini, herufi kwa herufi. Nchi inayosoma herufi zote za kirusi haishindwi kusoma herufi chache za pafu. Na kama kwa sasa vipande lazima visafiri nje, visafiri na mkataba: nusu ibaki hapa, majibu yarudi kwa mgonjwa akiwa hai, na jina la maabara ya hapa liwemo.

Pesa ziko wapi, utaniuliza. Kanuni ya Madini ya mwaka 2018 inaliachia jimbo robo ya mrabaha wa madini, ile redevance tunayoisikia redioni kila wiki, na kobalti imewekwa kwenye asilimia 10 kwa kuwa ni madini ya kimkakati. Kinachotoka ardhini kikiingia kwenye mapafu yetu, sehemu ya bei yake inaweza kununua fomalini. Siku hizi barabara zinawekwa taa za jua, nazipenda, zinanisaidia nikirudi zamu ya usiku. Punguza nguzo mbili.

Kipande cha Baba Mkubwa ninacho bado. DNA yake haisomeki leo, lakini mbinu zinabadilika, na sikuweza kukitia motoni na vingine. Kiko katika boksi la viatu pamoja na vipande thelathini na vinne vya mapafu nilivyoviokoa, kila kimoja na namba yake ya penseli. Mwezi wa kumi joto likipanda parafini inalegea, nami nalihamishia boksi chini ya kitanda, kwenye saruji ya baridi. Mke wangu ameshaniambia kwamba hapo si mahali pa kulaza mapafu ya watu.

Nipe siku na saa, nitakuletea boksi ofisini kwako.

Wako katika kazi,

Fundi wa maabara ya patholojia
Katuba, Lubumbashi